Tarehe ya kupanda ufuta Lindi na Mtwara: namna ya kuipata, na inavyoamua kilo na weupe wa punje

Ufuta hauogopi jua. Unachoogopa ni maji yanayosimama mizizini ungali mchanga, ukame unaoukuta kwenye maua, na mvua inayonyesha vitumba vikiwa vimeshaanza kupasuka. Mkulima hawezi kuizuia mvua wala kuiongeza, lakini anaweza kuchagua zao lake liwe na umri gani mvua itakapopamba moto na itakapokatika. Uamuzi huo hufanywa mara moja kwa msimu, siku ya kupanda, na haugharimu shilingi. Ndiyo maana nashangaa tunavyobishana wiki nzima kuhusu dawa na mbegu, halafu tarehe tunamwachia jirani: akianza yeye, nasi tunaanza.

Mwongozo huu ni wa Lindi na Mtwara, yaani Nachingwea, Ruangwa, Liwale, Mtama, Kilwa, Masasi, Nanyumbu na jirani zake, ambako kuna msimu mmoja wa mvua unaoanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili au Mei. Ukiwa Dodoma, Morogoro au Pwani, hesabu ni ile ile ila tarehe zitabadilika, kwa sababu mvua zenu zina ratiba yake. Hata Kilwa ya kaskazini, kule inakopakana na Rufiji, msifuate tarehe za Nachingwea kwa kufumba macho.

Kwanza, uelewe mmea unavyokwenda

Ufuta huchanua kwa ngazi. Ua la kwanza hutokea chini, mmea ukiwa na siku 35 hadi 45 hivi, kisha shina huendelea kurefuka huku likitoa maua mapya juu zaidi kwa wiki nne au tano. Kila ua likishika huwa kitumba, yaani kile kikasha chenye punje. Siku unapovuna, kitumba cha chini kinakizidi cha kileleni umri wa mwezi mzima. Cha chini kinataka kupasuka, cha juu bado kibichi.

Humo ndimo mavuno na ubora vinapoamuliwa. Wiki za maua zikiwa na unyevu ardhini, ngazi hupanda: vitumba vingi, punje zilizojaa. Unyevu ukikatika katikati, maua hupukutika, shina husimama, na vile vitumba vya juu vilivyokwisha kushika hubaki na punje nyembamba. Punje iliyojaa vizuri karibu nusu ya uzito wake ni mafuta. Iliyokosa maji wakati wa kujaza huwa na ganda jingi na mafuta kidogo. Kwa upande mwingine, mvua ikiendelea hadi vitumba vya chini vifunguke, maji huingia ndani, punje hubadilika rangi kuwa ya kijivu au kahawia, nyingine huota ukungu, na nyingine huanza kuchipua humo humo.

Kwa hiyo tarehe nzuri ni ile inayoyaweka maua ndani ya mvua na ukaushaji nje ya mvua. Mengine yote hapa chini ni namna ya kuipata.

Tuchukue mashamba matatu ya mfano, mbegu ile ile ya siku 110, na tuseme mvua ya maana ya mwisho hapo kijijini huwa karibu na Mei 10.

La kwanza limepandwa Januari 1. Litakomaa Aprili 21. Maua yamepata maji, hilo halina shaka, na mimea itakuwa mirefu kiasi cha kumpendeza kila apitaye njiani. Lakini linakomaa mvua zikiwa bado zina nguvu. Majani yameshambuliwa na madoa kwa sababu ya unyevu wa muda mrefu, matita yanalowa, na mkulima anauza punje zenye rangi mbili.

La pili limepandwa Februari 1. Maua yanaanza karibu na Machi 12 na kumalizika katikati ya Aprili. Punje zinajaza hadi mvua za mwisho, na zao linakomaa Mei 22, jua likiwa limeshika.

La tatu limepandwa Machi 10. Ua la kwanza linaonekana karibu na Aprili 19, na wiki tatu baadaye mvua imekwisha. Zao litakomaa Juni 28 kwenye ukavu mtupu, punje zitakuwa safi na nyeupe, ila zitakuwa chache na nyepesi. Weupe wa punje hautakufidia gunia ambalo halikujaa.

Wapo wanaosema ufuta uliochelewa hubaki mfupi kwa sababu ya urefu wa siku. Ni kweli kwamba ufuta ni zao la siku fupi, na siku zikifupika huwahi kuchanua. Lakini huku kwetu, karibu na nyuzi 10 kusini mwa ikweta, siku ndefu kuliko zote mwakani inaizidi fupi kuliko zote kwa saa moja na kidogo tu. Athari ipo, ila ndogo. Kinachoufupisha zaidi ufuta wa Machi ni uhaba wa maji.

Hatua ya 1: Itafute siku mvua yako inapokatika

Watu wengi hukumbuka mvua ilipoanza. Kwa ufuta, muhimu zaidi ni ilipoisha, nayo hukumbukwa na wachache. Chukua daftari na uandike, kwa miaka yoyote unayoweza kuipata, tarehe ya mvua ya mwisho iliyoloweka ardhi. Manyunyu ya asubuhi yasiyofikia mizizi usiyahesabu. Waulize wenye mikorosho, maana wao hufuatilia sana kukatika kwa mvua kabla ya kuanza kupulizia dawa. Uliza shuleni au kwenye zahanati iliyo na kipimo cha mvua. Muulize bwana shamba wa kata kama ana rekodi. Wengine wanazo na hakuna anayewauliza.

Kama huna rekodi yoyote, anza mwaka huu. Kopo lenye kuta zilizonyooka, likiwekwa mahali pa wazi pasipo na mti, na rula ya mwanafunzi, vinatosha. Pima kila asubuhi, andika milimita, mwaga. Mimi huchukulia mvua ya milimita 10 na zaidi kuwa ndiyo ya kuhesabiwa.

Ukipata miaka mitano au sita, usichukue wastani tu. Tazama pia mwaka ambao mvua ilichelewa sana kukatika na ule iliowahi. Kama tarehe zako zinacheza kati ya Aprili 25 na Mei 20, una dirisha la karibu wiki nne, na baadaye tutaona namna ya kujikinga nalo.

Kisha msikilize mtabiri. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa mvua za msimu, zile za Novemba hadi Aprili, kabla hazijaanza, na humo husema kama mvua zinatarajiwa kuwa juu au chini ya wastani, na lini zinatarajiwa kuanza na kuisha katika kila kanda. Utabiri si kiapo. Lakini mwaka wa El Niño, kama ulivyokuwa msimu wa 2023/24, ni uzembe kupanda kana kwamba hukusikia kitu. Mei 4, 2024 Kimbunga Hidaya kilifika Mafia, mvua kubwa zikaangukia pwani ya kusini, na barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ikakatika kule Kilwa. Shamba lililokuwa na matita wakati huo halikuwa na pa kukimbilia.

Hatua ya 2: Ijue mbegu yako inakaa siku ngapi

Aina nyingi zinazolimwa huku hukaa kati ya siku 90 na 120. Tofauti ya mwezi mmoja ni kubwa kuliko makosa yote ya tarehe utakayoweza kufanya, kwa hiyo usipange kitu kabla ya kujua. Mbegu zilizotolewa na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Naliendele, kilichoko Mtwara, kama Lindi 02, Mtwara 09 na Ziada 94, zina maelezo yake. Soma lebo au uliza kituoni. Ukinunua mbegu yenye lebo ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu, muuzaji hapaswi kukuambia “hii ni ya muda mfupi” bila kukuonyesha imeandikwa wapi.

Na kama unatumia mbegu ya nyumbani, iliyochanganyika kwa miaka, tatizo lake kubwa kwenye suala hili ni kwamba haina tarehe. Mimea mingine itapasuka wakati mingine bado ina maua. Hapo hata ukipanda siku sahihi kabisa, nusu ya shamba itakuwa imekosea.

Hatua ya 3: Hesabu kurudi nyuma

Unataka mvua ya mwisho ya maana ilikute zao likiwa limebakiza wiki mbili hivi kukomaa. Wakati huo vitumba vya juu vinamalizia kujaza, vya chini bado vimefumba, na majani yanaanza kugeuka njano. Kwa mbegu ya siku 110, toa 15 ubaki na 95. Kwa ya siku 100, toa 15 ubaki na 85.

Sasa rudi nyuma kutoka tarehe yako ya kukatika kwa mvua. Mei 10 ukirudi siku 95 unafika Februari 4. Ukiwa na mbegu ya siku 100, unarudi siku 85 na kufika Februari 14. Kijiji ambacho mvua hukatika Aprili 25, kwa mbegu ya siku 110, kitapata Januari 20. Utaona kwamba majibu haya yanaangukia mle mle ambamo wazee wa Lindi na Mtwara wamekuwa wakipanda, kati ya Januari na Februari. Hawakuwa wakibahatisha. Faida ya kuhesabu ni kwamba inakuonyesha kwa nini tarehe ya Liwale isiwe ya Mtama, na kwa nini ukibadilisha mbegu ubadilishe na tarehe.

Ichukue siku uliyoipata kama katikati ya dirisha la siku kumi hivi, tano kabla na tano baada. Mvua haisomi kalenda.

Hatua ya 4: Rekebisha kulingana na udongo

Udongo wa kichanga humwaga maji haraka. Siku kumi bila mvua kwenye maua na mmea unanyauka mchana. Hapo wahi kidogo, wiki moja mapema kuliko hesabu, ili maua yaangukie kwenye kiini cha mvua. Hatari ya kuoza mizizi ni ndogo kwa sababu maji hayasimami.

Udongo mzito, wa mbuga au bondeni, ni kinyume chake. Ufuta mchanga ukikaa kwenye maji siku moja au mbili tu huanza kugeuka njano na kufa, na kwenye mbuga Januari yenye mvua hilo ni jambo la kawaida. Lakini udongo huo hutunza unyevu wiki kadhaa baada ya mvua kukatika. Basi chelewa kidogo, hadi wiki moja na nusu baada ya hesabu, na upande juu ya matuta. Shamba lililo bondeni kabisa, ambalo maji yake hayana pa kutokea, lisipandwe ufuta. Ni la mpunga hilo.

Shamba lenye sehemu zote mbili, na ni mengi, lipandwe kwa tarehe mbili. Juu kwanza, chini baadaye.

Hatua ya 5: Andaa shamba kabla ya siku, na uyatumie magugu ya mwanzo

Ufuta una mwezi wa kwanza wa uvivu. Miche hubaki midogo, imekaa tu, huku magugu yakikimbia. Anayepanda na mvua za kwanza za Desemba huingia vitani na magugu yote ya msimu kwa wakati mmoja, na ndipo pia mahindi na mpunga vinapodai jembe. Ukipanda mwishoni mwa Januari unayo nafasi nzuri ambayo wengi huipoteza: lima mapema, acha mvua ziyaoteshe magugu, kisha pitia tena kwa jembe la juu juu siku mbili tatu kabla ya kupanda. Usichimbe kwa kina mara ya pili, maana utaziinua mbegu mpya za magugu. Palizi moja umeshaiokoa.

Udongo uwe laini. Mbegu elfu moja za ufuta huwa na uzito wa gramu 2 hadi 4, na mbegu ndogo hivyo haiwezi kusukuma bonge.

Hatua ya 6: Panda kwa unyevu, usipande kwa kalenda pekee

Tarehe imefika. Je, ardhi iko tayari? Chimba kwa jembe sehemu tatu za shamba, kina cha kama sentimita 20. Bana udongo wa chini kiganjani. Ukishikana bila kudondosha maji, panda leo. Ukimwagika kama unga, subiri. Ukichuruzika maji, subiri pia.

Suala hili lina uzito wa pekee kwa sababu mwishoni mwa Januari na Februari mvua hapa kusini mara nyingi husimama kwa wiki moja au mbili. Anayepanda kwenye udongo mkavu akitegemea mvua ya kesho hupata mvua ndogo, mbegu zinaota, kisha jua la Februari linazichoma zikiwa na majani mawili. Mbegu ya mahindi unaweza kuizamisha ikasubiri; ya ufuta ikizidi sentimita 2 au 3 haitoki tena. Kwa hiyo ndani ya lile dirisha la siku kumi, unyevu ndio unaochagua siku.

Mvua kubwa ikinyesha baada ya kupanda na kabla ya kuota, kisha jua likawaka, ardhi hufunga ukoko. Pita na tawi lenye miiba au reki nyepesi uuvunje ukoko kabla ya siku ya nne. Kama miche haikutoka hadi siku ya nane, panda upya mara moja badala ya kuweka viraka. Viraka vitakupa shamba lenye umri mbili, na wakati wa kuvuna utalia.

Kuhusu nafasi: mistari kwa sentimita 50 na mche hadi mche sentimita 10 ni mpango unaofaa kwa aina zetu. Eka moja hapo inabeba mimea kama 80,000. Ukipiga hesabu utagundua kwamba mimea hiyo inahitaji gramu 250 tu za mbegu, ilhali wengi tunatumia kilo 2 kwa eka. Ziada hiyo ni bima ya kuota vibaya, si idadi ya kuiacha ikue. Changanya mbegu na mchanga mkavu, kama sehemu moja kwa tatu, imwagike sawasawa kwenye mfereji mfupi, funika kwa kuburuta mguu. Punguza miche kati ya wiki ya pili na ya tatu, ardhi ikiwa na unyevu. Wengi huona uchungu kung'oa. Lakini miche iliyobanana huchanua kidogo na kukomaa kwa vipindi tofauti, na hapo tarehe yako nzuri inaharibika ungali unaitazama.

Hatua ya 7: Gawa shamba, usiweke yote siku moja

Ulipoandika tarehe za kukatika kwa mvua uliona zinacheza. Hakuna hesabu itakayokuambia mwaka huu ni upi kati ya hiyo. Mwenye eka tatu apande eka moja na nusu mwanzoni mwa dirisha, na iliyobaki siku kumi au kumi na mbili baadaye. Mvua ikiwahi kukatika, nusu ya kwanza itakubeba. Ikichelewa, nusu ya pili itakuwa nyeupe. Na kuna faida nyingine isiyozungumzwa sana: kuvuna ufuta hakusubiri. Shamba lote likikomaa wiki moja, na vibarua wa kijiji kizima wako shambani kwa wenzako, vitumba vitapasuka ukiwa bado unatafuta watu.

Usizidishe mgawanyo, hata hivyo. Sehemu tano zenye umri tano tofauti ni karamu ya wadudu: wale viwavi wanaosokota majani ya kileleni na kutoboa vitumba huhama kutoka ufuta mkubwa kwenda mdogo. Kwa sababu hiyo hiyo, kuwa wa mwisho kijijini kupanda ni hatari hata kama mvua ipo. Kila kiwavi wa jirani atakuwa mgeni wako.

Hatua ya 8: Umechelewa? Amua mapema

Katikati ya Februari imepita, hujapanda. Ukiwa na mbegu ya siku 90 na udongo unaotunza maji, bado unaweza. Piga hesabu ya hatua ya tatu uone maua yataangukia wapi. Kama zaidi ya nusu ya wiki za maua itakuwa baada ya mvua kukatika, usipande ufuta. Nasema hivi nikijua kwamba bei ya ufuta inavutia. Choroko hukomaa kwa muda mfupi zaidi, kunde pia, na mbaazi huvumilia ukavu ambao ufuta hauuwezi. Ufuta wa Machi kwenye kichanga ni kazi ya palizi mbili kwa gunia lisilofika shingoni.

Na wanaowahi je? Kuna wanaopanda Desemba ili wauwahi mnada wa kwanza. Minada ya ufuta ya vyama vikuu vya ushirika kama RUNALI na Lindi Mwambao huwa inaanza kati ya Mei na Juni, zao lingine likiwa bado shambani, na watu huamini wa kwanza ndio wenye bei. Mara nyingine huwa hivyo, mara nyingine mnada wa tatu unaupita. Lakini ufuta uliokomaa Aprili na kulowa hautafika mnadani ukiwa na sura ya kupewa bei hiyo.

Hatua ya 9: Vuna kabla mmea haujakuvunia

Tarehe nzuri imekuletea zao linalokomaa kwenye jua. Sasa usilipoteze. Dalili ni hizi: majani ya chini yamedondoka au yamekuwa njano, shina linageuka kutoka kijani kwenda manjano, na vitumba vya chini kabisa vinaanza kubadilika rangi huku kimoja kimoja kikijifungua ncha. Hapo kata. Ukisubiri vya juu vikauke, vya chini vitakuwa vimeshamwaga, na vya chini ndivyo vyenye punje nzito.

Funga matita membamba, hewa ipite. Yasimamishe wima, vilele juu, yakiegemeana au kwenye kichanja, juu ya turubai. Yakilazwa, punje humwagika mchangani, na mchanga uliochanganyika na ufuta ni vigumu kuutoa kwa pepeto kwa kuwa uzito wake unazishusha pamoja. Baada ya wiki mbili hivi pindua kila tita kichwa chini na ulikung'ute, lirudishe lisimame, kisha ukung'ute tena siku kadhaa baadaye. Usipige kwa fimbo nzito. Punje iliyopasuka huchacha mapema.

Mvua isiyotarajiwa ikitishia, funika vilele kwa turubai lakini acha chini wazi. Jua likirudi, funua mara moja. Tita lililofunikwa siku nzima likiwa bichi huchemka ndani na kuharibu rangi kuliko hata mvua yenyewe.

Punje zianikwe mpaka zikauke vizuri, unyevu wa asilimia 6 hivi kwa ajili ya kuhifadhi. Ukiitafuna ikavunjika kwa mlio, imefika, ikikunjika, bado. Gunia la katani au la pamba, si la mbolea ambalo bado lina harufu. Kisha peleka AMCOS, chama chenu cha msingi cha ushirika. Sehemu kubwa ya ufuta wetu hununuliwa na wasafirishaji wanaoupeleka nchi za nje, China na Japani zikiwemo, nao hutazama vitu vichache tu: rangi moja, ukavu, usafi, na punje kujaa. Palizi na pepeto vitakupa usafi. Vingine vitatu vimeanzia kwenye tarehe.

Hatua ya 10: Pima vipande, usipime kumbukumbu

Mwaka unaofuata utabishana tena na jirani, basi uwe na namba. Katika kila sehemu uliyoipanda kwa tarehe tofauti, weka vigingi vinne kuzunguka kipande cha mita 10 kwa 5, mahali pa kawaida, pasiwe penye kichuguu wala pembezoni. Kipande hicho kivunwe peke yake, kikaushwe peke yake, na mfuko wake uandikwe tarehe ya kupanda. Pima kilo ukishapepeta. Zidisha kwa 81 upate kilo za eka. Kipande kikikupa kilo 3, sehemu hiyo imetoa kilo 243 kwa eka.

Kisha chukua kopo moja dogo, lile lile kwa vipande vyote, lijaze punje, lisawazishe kwa kijiti, upime uzito. Kopo zito zaidi ndilo lenye punje zilizojaa. Mwishowe mwaga kiganja cha kila mfuko juu ya karatasi nyeupe, kando kwa kando, mchana kweupe, uandike rangi unayoiona. Weka yote katika daftari lile lile la mvua, mstari mmoja kwa kila kipande: tarehe ya kupanda, aina ya mbegu, siku ua la kwanza lilipoonekana, mvua ya mwisho, siku ya kuvuna, kilo, uzito wa kopo, rangi.

Mbegu ya msimu ujao iondoe kwenye kipande kilichoshinda, kabla magunia hayajachanganywa. Na kama kipande cha mapema kimeshinda kwa kilo lakini kimeshindwa kwa rangi, usikimbilie kusogeza shamba zima. Sogeza kwa siku tano tu, uone.